Kadi Hewa za Mama Droo

Chapchap alikuwa na vidole vya kukopesha. Akikaa mbele ya kompyuta, vitufe vinalia kama mvua juu ya bati, mpaka wasomaji wa magazeti wa meza ya jirani wanakumbuka nguo walizoanika nyumbani.

Jina hilo alipewa na wifi yake, na wala halikuwa sifa. Wifi mwenyewe, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa akitunza katalogi ya maktaba ile tangu Chapchap hajajua kufunga kamba za viatu. Wasomaji walimwita Mama Droo, kwa ajili ya kabati la mbao lenye droo nyembamba lililosimama karibu na mlango kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Kila droo ilijaa kadi zilizopangwa kwa alfabeti, zimetobolewa chini, na chuma chembamba kimepita matunduni ili mwenye mkono mrefu asiondoke nazo. Kadi inakwambia kitabu kinaitwaje, kimeandikwa na nani, kinahusu nini na kimekaa rafu gani. Ukitaka kitabu, unauliza droo. Ukitaka maneno, unamuuliza Mama Droo.

Kazi ya Chapchap ilikuwa kuzihamishia kadi zote hizo kwenye kompyuta. Alichukuliwa kwa mkataba mfupi, na siku aliyoripoti, wifi yake alimpokea mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia kwamba mdogo wake alipooa, familia ilidhani inaletewa mke tu, kumbe inaletewa na mrithi. Chapchap akamjibu asiwe na wasiwasi, urithi wenyewe ni vumbi. Walicheka wote wawili, kila mtu kwa sababu zake.

Haukuwa ugomvi wa chuki. Ulikuwa ugomvi wa mawifi, ule unaokaa vizuri usipousuluhisha. Mama Droo alisema mashine haijui watu wanaviitaje vitu. Chapchap alisema mashine haihitaji kujua, inahitaji kulishwa. Mama Droo akamwambia alishe, ila akumbuke kwamba mtoto anayelishwa harakaharaka hucheua. Chapchap naye akasema anayecheleweshewa hulia. Mume wa Chapchap, aliyekuwa mdogo kwa huyu na bwana kwa yule, alikwisha jifunza kula chakula cha jioni macho yakiwa kwenye sahani.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuwa refa mstaafu wa mpira. Yeye alistaafu, lakini filimbi haikustaafu: bado ilining'inia shingoni, na mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka kadi nyekundu. Kompyuta zenyewe zilikuja kwa majaribio, na tawi la mtaa wa pili lilikuwa linazimezea mate. Kamati ikagawanyika, nusu droo, nusu kompyuta. Refa akaamua mambo kwa njia pekee aliyoiamini, yaani mechi.

Jumamosi, mbele ya wasomaji, droo zingesimama upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Wasomaji wangeuliza maswali, na wasomaji haohao ndio wangetafuta majibu, kwa sababu, alisema refa, katalogi ni ya mtu ambaye hana wa kumuuliza. Mama Droo na Chapchap wangekaa pembeni, mikono nyuma, midomo imefungwa. Atakayesema neno, kadi nyekundu, na upande wake umepoteza. Kompyuta zikishindwa, Jumatatu zinapakiwa kwenda mtaa wa pili na kibarua cha Chapchap kinaota nyasi. Zikishinda, zinabaki, naye anapewa ajira ya kudumu.

Mama Droo alikubali bila kupepesa. Akachukua likizo yake yote iliyosalia ili, kwa maneno yake, apumzishe macho kabla ya kumliza mke wa mdogo wake. Funguo za kabati akamwachia huyohuyo mke wa mdogo wake.

Ndipo Chapchap alipokutana na kadi za ajabu. Ya kwanza iliandikwa KIUNGULIA, tazama MMENG'ENYO WA CHAKULA, MARADHI YA. Basi. Mwandishi hakuna, rafu hakuna, kitabu hakuna. Nyingine ikasema MBA, tazama NYWELE, UTUNZAJI WA. Zilikuwa zimetapakaa kila droo. Kwa hesabu za Chapchap, kadi isiyo na kitabu ilikuwa sawa na mfanyakazi hewa: jina lipo, mtu hayupo, nafasi inaliwa. Akazibatiza kadi hewa, akawa anachomoa chuma, anazitoa, anarudisha chuma. Na kwenye kompyuta, kila alipofika kwenye kisanduku kilichoandikwa Maneno Mengine alikiruka kama dimbwi, maana kukijaza kulikuwa hiari, na Chapchap na vitu vya hiari walikuwa hawajatambulishwa.

Kadi zenyewe zilikuwa ngumu, safi, nyuma nyeupe pe. Kuzitupa ingekuwa dhambi. Akazigawa kama mgombea wakati wa kampeni. Fundi cherehani wa kibanda cha ubavuni alipata za kuandikia vipimo. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipata za namba za foleni. Mlinzi wa getini alipata moja ya kukunja chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa inacheza bila muziki. Wote walimshukuru, na Chapchap akajiona mtu wa watu.

Ijumaa mchana mumewe alipita kumsalimu. Kazi ilikuwa imekwisha, kioo kinang'aa, na Chapchap alikuwa anazunguka kwenye kiti chake kama mtoto. Akamsogezea mumewe kompyuta, akamwambia atafute chochote anachotaka duniani. Mume, ambaye alikuwa ametoka kula kwa pupa, alijipigapiga kifua akaandika kiungulia.

Kompyuta ikafikiri kidogo, ikasema: Hakuna kilichopatikana.

Chapchap akacheka, akamwambia kabonyeza vibaya. Akaandika yeye mwenyewe. Hakuna kilichopatikana. Akaandika mba. Hakuna. Akaandika kutu. Hakuna. Na vitabu alikuwa anavijua, amevichapa kwa vidole vyake, vimo humohumo ndani, vimejinyamazia kama watu waliosikia hodi ya mdai.

"Dada angenipeleka moja kwa moja," alisema mume, na papo hapo akatamani kuwa na sahani ya kutazama.

Chapchap aliinuka akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya K. Kitunguu, kisha kiwanda. Katikati yao palikuwa na upenyo mdogo, kama wa jino lililong'oka. Alisimama pale mpaka jambo lote likamshukia kwa mpigo. Kadi zile hazikuwa na vitabu kwa sababu zilikuwa njia. Mtu anakuja na neno la nyumbani kwake, kitabu kimekaa chini ya neno la wataalamu, na katikati Mama Droo kasimamisha kibao: usipotee, pita huku. Yeye sasa kang'oa vibao vya mji mzima, halafu anashangaa wageni hawafiki.

Akamwambia mumewe alinde kiti, na kabla hajaulizwa kwa nini, alikuwa nje.

Fundi cherehani alikuwa amezibandika kadi ukutani kwa pini, kila kadi na mteja wake: kiuno, paja, urefu, na chini ya mmoja wao, alipe kwanza. Chapchap alieleza huku anahema. Fundi akabandua zote za nguo zilizokwisha, ikabaki moja tu. Hiyo nayo akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akasoma upande wa pili: KUKESHA KWA MTOTO, tazama USINGIZI, WATOTO WACHANGA. Akaguna. Akasema aliyeandika hivi kalala vizuri maisha yake yote, maana mwenye mtoto mchanga hana nguvu za kusema kukesha. Anasema tu mtoto amegeuza usiku mchana.

Chapchap, aliyekuwa tayari na mguu mmoja nje, aliurudisha. Akamwomba arudie. Akaliandika neno lile kiganjani kwa kalamu, akalitazama upya. Kadi ilikuwa na nafasi ya neno moja, tena la Mama Droo. Kile kisanduku alichokiruka siku zote hakikuwa na mwisho. Kingebeba neno la Mama Droo, na la fundi, na la yeyote atakayepita na mdomo.

Kadi ile ya kukesha, hata hivyo, fundi alikataa kuitoa. Ilikuwa na vipimo vya bwana harusi wa kesho, na akiipoteza, bwana harusi ataingia na kaptura. Angeileta asubuhi.

Kwa kinyozi mambo yalikuwa magumu zaidi, maana wateja walikuwa wamezishika kadi kama hati za viwanja, na hakuna aliyekubali kuachia ya kwake asije akapoteza zamu. Kadi ya mba ilikuwa mkononi mwa mzee mwenye kipara kinachong'aa, ambaye, alipousoma upande wa pili, aliapa kwamba hajawahi kupewa kadi isiyomhusu kama hiyo. Kinyozi akakata vipande vya gazeti, akaandika namba upya, wakabadilishana. Chapchap akamuuliza kama wateja wake husema mba. Kinyozi akasema hawasemi. Wananong'ona kwamba wana unga kichwani. Foleni nzima ikaanza kujikuna. Mmoja akaongeza magamba, mwingine theluji, na Chapchap akahamia kuandika kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani kupanda juu.

Mlinzi aliinua meza kwa manung'uniko, akatoa kadi ya kutu, akabadilishiwa na kifutio. Chapchap akamuuliza yeye akiona kutu anaiitaje. Mlinzi akalitazama geti lake kwa uchungu, akasema yeye haiti kitu, anaona tu geti linaliwa.

Alirudi ndani mbio akiwa na mkono ulioandikwa mpaka kwenye kiwiko, akamtoa mumewe kitini, akaanza. Safari hii kila kisanduku cha Maneno Mengine kilipata chake. Neno la Mama Droo kwanza, mengine nyuma yake. Mumewe akawa anachomoa chuma na kurudisha kadi kwenye droo, huku kila anayepita anasimamishwa na kuulizwa kitu fulani kwao kinaitwaje, mpaka watu wakaanza kujitolea maneno bila kuulizwa na kubishana wenyewe kwa wenyewe. Maktaba haijawahi kupiga kelele vile. Chapchap alijaribu tena: kiungulia. Vitabu vikafunguka kama vilikuwa vinangoja kuitwa jina lao. Akamkumbatia mumewe na kumpaka wino wa unga, magamba na theluji.

Asubuhi ya mechi, Mama Droo aliingia na viatu vipya na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya kabati, akakaa. Chapchap alimsalimu, akaulizwa kama amekuja na leso ya machozi. Watu walijaa mpaka madirishani. Refa alikuwa amekwisha weka filimbi mdomoni pale fundi cherehani alipopenya kwenye umati, akamsukumia Chapchap kadi ya kukesha mkononi, akamshukuru kwa niaba ya bwana harusi. Kuirudisha mahali pake kulitaka kuchomoa chuma, na mbele ya chuma alikaa Mama Droo. Chapchap akaitumbukiza mfukoni. Kadi moja, alijiambia. Nani atauliza hiyo?

Filimbi ikalia.

Kwenye droo alisimama dereva wa lori aliyestaafu, mwenye miwani na subira. Kwenye kompyuta kura ilimwangukia mwuza mikate, ambaye hakuwa amewahi kuigusa. Swali la kwanza lilikuwa ufugaji wa nyuki. Dereva akavuta droo, akapekua, akapata, kazi kwisha. Mwuza mikate wakati huo alikuwa ameinua kipanya hewani, amekielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni, anakibonyeza kwa hasira. Chapchap aliuma midomo yote miwili. Bao la droo. Mama Droo alitabasamu bila kufungua mdomo, kipaji ambacho ni mawifi tu wanacho.

La pili liliulizwa na mlinzi: geti lake linaliwa, afanyeje? Dereva akaenda kwenye G, akakuta geti halimo, akabaki anajiuliza linaliwa na nani. Mwuza mikate, aliyekwisha onyeshwa na umati kwamba kipanya hutambaa, aliandika maneno kama alivyoyasikia, geti linaliwa, na kitabu cha utunzaji wa chuma kikatokea na rafu yake. Umati ukashangilia. Mama Droo aliacha kutabasamu. Hakukasirika; alikunja uso kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni.

Bao moja kwa moja. Refa akaomba swali la mwisho, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na macho mekundu akasema kwa sauti ya usingizi kwamba mtoto wake anakesha, na yeye anataka kitabu chochote, hata kibaya.

Chapchap alihisi mfuko unaungua.

Dereva alivuta droo ya K. Mwuza mikate akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama sarafu iliyoanguka mchangani. Dereva alipita kukata, akafika kuku. Akarudi. Kukata, kuku. Akavua miwani, akaifuta, akarudia. Mama Droo alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Alijua kadi iko pale. Aliiandika mwenyewe, na hakuruhusiwa kusema. Alimtazama dereva, akaitazama sakafu chini ya kabati, na polepole uso ukaanza kumlegea, uso wa mtu anayejiuliza kama ni yeye aliyesahau.

Angenyamaza tu. Mwuza mikate alikuwa ameshafika kwenye herufi ya mwisho. Kompyuta isingedanganya, Chapchap asingedanganya, na Jumatatu angekuwa mwajiriwa wa kudumu. Lakini wifi yake angerudi nyumbani akiamini kwamba droo zake zina pengo, tena pengo la mkono wake. Wifi unamtania, humwibii.

"Kadi hiyo ninayo mimi, wifi," alisema. "Niliichomoa mimi. Hii hapa."

Filimbi ililia mpaka mtoto akashtuka. Kadi nyekundu ikapanda juu. Refa alikuwa na huzuni ya kweli usoni, lakini mkono haukushuka. Umati ukapiga kelele, wengine za kumlaumu, wengine za kumwombea.

Mama Droo aliipokea kadi. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akasoma kwa makini kiuno, paja na urefu. Kisha akamgeukia refa na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Samahani, huyu mwenye kiuno hiki ni nani?"

Refa akamwambia amesema.

"Nimesema, ndiyo. Nipe na mimi yangu."

Refa akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali. Katika maisha yake yote ya uwanjani hakuwahi kutembea na kadi nyekundu mbili. Watu walicheka mpaka wakashikana, na ilikuwa ni katikati ya kicheko hicho mtu mmoja alipoonyesha kidole kule kwenye rafu. Mwuza mikate alikuwa anarudi na kitabu, anakipangusa kwa mkono wa shati. Alimkabidhi mama mwenye mtoto. Hakuna aliyemwona akienda. Mtoto mwenyewe, katikati ya kelele zote zile, alikuwa amelala fofofo.

Mama Droo alivuta kiti chake mpaka mbele ya kompyuta. Akaandika kiungulia kwa kidole cha shahada, taratibu, akangoja. Akasogeza uso karibu na kioo. Chini ya kitabu, kwenye kisanduku, neno lake lilikuwa la kwanza, na nyuma yake limepangwa kundi la maneno ya majirani. Akaandika mba. Akasoma unga, magamba, theluji, akacheka peke yake.

"Nilidhani utayatupa," alisema bila kugeuka.

"Niliyatupa," alisema Chapchap. "Halafu nikayafuata mbio mtaa mzima."

Akamweleza yote, tangu kadi hewa mpaka kifutio cha mlinzi, na Mama Droo alisikiliza huku anatikisa kichwa kila penye upumbavu, yaani mara nyingi. Alipomaliza, wifi yake aligeukia kamati. Akasema mashine zibaki. Ila kisanduku kile hakitaguswa na mtu mwenye haraka. Atakijaza yeye, kila asubuhi, kwa maneno ya watu wenyewe. Chapchap ana vidole, yeye ana masikio, na maktaba haiendeshwi kwa kiungo kimoja. Kabati litakaa palepale mlangoni, lakini droo ya chini itawekwa kadi tupu: mtu akiuliza mashine ikasema hakuna, aandike neno lake aliache pale, wao watamtafutia njia.

Refa alitangaza sare. Mtu wa kamati akakumbusha kwamba sare haikuwemo kwenye masharti, akanyamazishwa kwa filimbi. Ajira ya Chapchap ilipitishwa kwa mikono iliyonyooshwa palepale, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mume wake, ambaye hakuwa hata mjumbe.

Mama Droo, kwenye vurugu ile, alikuwa ameichukua kadi nyekundu ambayo refa aliisahau mezani. Akaigeuza, akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima: KIHEREHERE, tazama CHAPCHAP. Akatoboa tundu chini, akachomoa chuma cha droo ya K, akaipachika kati ya wenzake, akarudisha chuma.

Watu walipoanza kutawanyika, refa alikuja kuulizia kadi yake, maana alikuwa na mechi ya maveterani wiki inayofuata. Mama Droo akamwambia kwa adabu zote kwamba hapa ni maktaba, na kitu kikipotea maktaba kinatafutwa kwenye katalogi. Refa akakaa. Akaandika kadi nyekundu. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikasema hakuna kilichopatikana. Akainua macho kuomba msaada.

Chapchap na wifi yake walikuwa wamesimama pembeni bega kwa bega, mikono nyuma, midomo imefungwa.